Maji ya Injini Yakivuja, Tutafute Tundu Kabla ya Kutafuta Mkosaji

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, fundi wa karakana ya reli Nairobi, mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.)



Mimi si msemaji hodari. Elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, na tangu nilipotoka huko mwalimu wangu amekuwa spana. Lakini Bwana Mwandishi aliniomba nieleze habari ya motokaa zinazovuja maji baada ya kutiwa spea mpya, kwa kuwa wanachama wengi sasa wana gari dogo la kuongezea mshahara, ama la mtu mmoja ama la kuchangiana, na shida hii inawapata mara kwa mara. Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hayo mafundisho ya kazi. Ya pili ni kwamba nina deni la kulipa mbele yenu, na deni lenyewe si la fedha tu. Mtalisikia.

Wengi mnajua kwamba sisi wafanya kazi sita wa karakana tulichanga fedha tukanunua stesheni wagoni moja ya Kijapani, yenye injini ya petroli ya silinda 4. Dereva wake ni mzee wetu mmoja aliyekuwa dereva wa treni, ambaye amekwisha kustaafu. Gari hilo hupeleka mizigo na abiria, na faida yake ndiyo inayolipa karo za watoto wetu. Basi likilala siku moja, nyumba sita zinaona.

Mwaka jana injini ilianza kulia upande wa mkanda. Nikasikiliza, nikajua ni beringi ya pampu ya maji. Pampu ya kampuni iliyotengeneza gari ilikuwa na bei iliyotushinda. Tukakubaliana kununua ile ya kiwanda kingine, ambayo imetengenezwa kufanana nayo. Tulimtuma mwanagenzi wetu, kijana anayejifunza kazi chini yangu, aende mjini akainunue. Akaleta pampu, risiti ya shilingi 2,800 na chenji yake.

Tuliifunga jioni baada ya kazi, giza likiingia. Mimi ndiye niliyeshika spana. Kijana alishika taa. Nilikuwa na haraka kwa kuwa mzee alikuwa na safari alfajiri. Nilifungua bolti zote nikazitupa pamoja katika kopo moja. Nikakwangua gasketi ya zamani kwa bisibisi, nikapangusa kwa kitambaa, nikafunga pampu mpya, nikajaza maji, nikaenda nyumbani.

Baada ya siku mbili mzee akasema, "Fundi, kuna tone chini ya gari." Nikainama nikatazama. Niliona unyevu karibu na kile kitundu kidogo kilicho chini ya pampu. Nikasema mara moja, bila kupima kitu, kwamba pampu ni mbovu. Na pampu ikiwa mbovu, aliyeinunua ni nani? Wenzangu wakasema kijana amenunua takataka ya bei ya chini, akaandikiwa risiti ya bei kubwa na kutia senti mfukoni. Yeye akajibu, "Bwana fundi, nilinunua ile uliyoniandikia kwenye karatasi. Na siku ya kufunga mimi nilishika taa tu." Hatukumsikiliza. Tulimnyima shilingi 1,500 alizokuwa akitudai, tukamwambia asiguse gari letu tena.

Nikanunua pampu ya pili mimi mwenyewe, katika duka jingine, kwa shilingi 3,200. Nikaifunga. Safari hii nilipaka silikoni nyingi pande zote, nikidhani wingi ndio uimara. Gari likakaa siku nne bila tone. Siku ya tano, likipanda mlima kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na mzigo, mshale wa joto ukaruka juu. Mzee alikuwa amezoea kutazama saa za injini maisha yake yote, kwa hiyo akasimama upesi. Lakini akafanya jambo moja ambalo hata mtu hodari hulifanya akiwa na wasiwasi. Alifunga kitambaa mkononi, akafungua mfuniko wa rejeta injini ingali inachemka. Maji yakaruka, yakamwunguza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposimama na kujiuliza. Pampu mbili, za maduka mawili, zilizonunuliwa na watu wawili mbalimbali, zinavuja mahali pale pale. Je, kitu gani kilikuwa kile kile mara zote mbili? Si pampu. Si kijana. Kilichokuwa kile kile ni injini, na bolti, na mkono wangu mimi.

Kabla sijasema nilichokiona, nieleze kidogo kazi ya maji haya, maana asiyejua njia ya maji hawezi kujua yanapotorokea.

Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta kupoozwa na upepo, yakarudi. Katikati ya njia pana mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, na ikifika joto lake hufunguka, na katika motokaa nyingi ni kama digrii 80 hadi 90 za Selsiasi. Mfuniko wa rejeta nao si wa kuzuia vumbi tu. Una springi ndani yake inayoyashikilia maji kwa nguvu ili yasichemke upesi.

Sisi watu wa reli tunaweza kulielewa jambo hili vizuri kwa kuifikiri njia yetu. Mombasa, penye usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Nairobi huchemka kwa kama digrii 94 au 95. Timboroa, ambako reli inapita juu ya meta 2,700, huchemka kwa kama digrii 91. Yaani kadiri tunavyopanda mlima, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Mfuniko wa gari letu umeandikwa 1.1, na kwa nguvu hiyo maji hayachemki, hata hapa Nairobi, mpaka yapite digrii 115. Sasa fikirini: maji yamekaa kimya kwa digrii 105 kwa sababu yamebanwa. Ukifungua mfuniko, ule mbano unaondoka kwa ghafula, na mengi yanageuka mvuke mara moja usoni pako. Kitambaa hakizuii kitu hicho. Na vilevile tundu dogo kama la sindano, likiachia maji na mbano, linatosha kuichemsha injini mlimani, hata kama kwenye barabara tambarare lilikuwa linatoa tone moja tu.

Basi tulilivuta gari mpaka nyumbani, nikaliacha lilale usiku kucha lipoe. Asubuhi nikakumbuka kazi ya boila. Wazee waliotumika zamani za injini za mvuke walitufundisha kwamba boila haipimwi kwanza kwa mvuke. Hujazwa maji baridi, ikasukumwa kwa pampu ya mkono, na watu wakatazama penye jasho. Ikipasuka kwa maji baridi hutoa maji tu, bali ikipasuka kwa mvuke huua. Motokaa nayo hupimwa hivyo hivyo. Kuna pampu ndogo ya mkono yenye saa, inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Niliazima moja kwa rafiki wa gereji. Nikajaza maji, nikaukausha upande wote wa pampu, nikapaka unga wa chaki kuzunguka maungio, kisha nikasukuma mpaka saa ikafika 1.1, wala sikuipitisha, kwa kuwa ukizidi namba ya mfuniko unaweza kupasua rejeta nzima.

Nikangoja. Mshale ulishuka polepole. Nikatia kioo kidogo nyuma ya pampu, nikamulika kwa taa. Unga wa chaki ulikuwa umelowa juu, kwenye pembe ya pampu inayogusa injini. Kutoka hapo mstari mwembamba wa maji ulishuka ukifuata ukingo, ukapita karibu na kile kitundu cha chini, ndipo ukadondoka. Kitundu chenyewe kilikuwa kikavu. Ndugu, mara zote mbili nilikuwa nimetazama mahali maji yanapoangukia, nikadhani ndipo yanapotokea.

Nilipoifungua pampu nikaona makosa mawili. Kwanza, penye pembe ile kulikuwa na kipande cha gasketi ya zamani, chembamba kama karatasi ya sigara, kimeshikamana na injini na kuwa cheusi kama injini yenyewe. Bisibisi yangu ilikipita gizani mara zote mbili. Pili, bolti za pampu hazikuwa za urefu mmoja. Mbili zilikuwa ndefu na nyingine fupi, nami nilizichanganya katika kopo. Bolti moja ndefu nilikuwa nimeitia katika tundu fupi. Ncha yake iligonga mwisho wa tundu kabla kichwa hakijaibana pampu. Spana ilisema imekaza, mkono ulisema imekaza, lakini pampu pembe ile haikuwa imebanwa. Silikoni yote niliyopaka ilikuwa ni kufunika kosa, nayo ilivumilia siku nne tu. Pampu ile ya kwanza iliyonunuliwa na kijana haikuwa na kosa lolote.

Sasa nitoe mafundisho ya kazi yenyewe, mmoja mmoja, ili mwenye gari ayakate na kuyabandika ukutani.

La kwanza, iache injini ipoe. Usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta na usikie kwamba ni baridi na laini. Kama mtu ameungua, mara moja mmiminie maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, wala siagi, wala mafuta, wala barafu. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Mzee wetu alipakwa mafuta ya kupikia pale barabarani na watu wenye nia njema, na daktari alisema hayo yalimzidishia maumivu.

La pili, tafuta chanzo kutoka juu kwenda chini. Maji hufuata ukingo, waya na mpira, na upepo wa feni huyatupa mbali. Kausha kila kitu kwanza. Tandika karatasi nyeupe au boksi chini ya gari usiku. Angalia rangi na harufu: maji ya dawa yana harufu tamu, na yakikauka huacha ukoko mweupe au wa rangi ya dawa yenyewe. Maji masafi chini ya gari lenye mashine ya baridi huenda yanatoka kwenye mashine hiyo, wala si ugonjwa.

La tatu, kijue kitundu cha chini ya pampu. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichoka, maji hutokea kwenye kitundu kile. Pampu ikiwa mpya kabisa, unyevu kidogo siku ya kwanza unaweza kutokea mpaka sili ikae vizuri. Lakini ikitoa tone baada ya tone, pampu ni mbovu na irudishwe dukani. Usikizibe kitundu hicho kamwe, maana maji yatageukia beringi.

La nne, spea ya kiwanda kingine ilinganishwe na ile ya zamani kabla ya kufungwa. Ziweke kando kwa kando mezani. Hesabu matundu, pima kimo na upana wa shingo inayovaa mpira, tazama gurudumu lenye mapezi kama ni la ukubwa mmoja. Weka rula ya chuma juu ya uso wake na umulike taa kwa nyuma: ukiona mwanga mkubwa unapenya, uso umepinda, usiifunge. Pitisha kidole pole pole uone kama kuna ncha kali iliyobaki kiwandani. Pangusa mafuta ya kuzuia kutu. Gasketi iliyomo katika boksi iweke juu ya uso uone kama inakubaliana na kila tundu. Spea kama hizi nyingine ni nzuri sana na nyingine ni hasara. Jina la boksi peke yake halitakuambia, bali vipimo vitakuambia.

La tano, safisha uso wa injini mpaka ung'ae. Injini nyingi siku hizi ni za alumini, chuma laini kinachochubuka kwa bisibisi. Tumia kikwaruzo cha plastiki au cha mti mgumu, na kitambaa chenye dawa ya kuondoa grisi. Ziba matundu ya maji kwa kitambaa ili takataka zisiingie ndani, na usisahau kukitoa. Fanya kazi hii mchana, au ukiwa na taa ya kutosha. Ukidhani umemaliza, tazama mara moja zaidi.

La sita, gasketi huenda kavu isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine. Silikoni ni kwa maungio yaliyotengenezwa kwa silikoni, nayo hupakwa mstari mwembamba na kuachwa ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia maji. Ikizidi, hujikunja ndani, ikakatika, ikaenda kuziba njia nyembamba za rejeta.

La saba, bolti. Toboa matundu katika kipande cha boksi, uchore umbo la pampu, na kila bolti uichomeke mahali pake kama ilivyotoka. Huu ni ujanja wa senti sifuri ambao ungaliniokolea maelfu. Zianze zote kwa vidole. Kaza kwa zamu, kwa kuvuka kutoka upande huu kwenda upande wa pili, mara mbili au tatu, si kumaliza moja kisha nyingine. Bolti ndogo za milimita 6 zinazoingia katika alumini huhitaji nguvu kidogo tu, kama Nyutoni-meta 10. Maana yake ni kuvuta kwa uzito wa kilo 8 hivi kwenye spana ya urefu wa sentimeta 12. Sisi wa karakana ya treni tumezoea bolti kubwa, na mikono yetu ni mizito. Ukiongeza paipu kwenye spana utang'oa meno ya alumini, na hapo kazi ya shilingi mia inakuwa ya shilingi elfu nyingi.

La nane, ukimaliza, toa hewa. Gari lisimame pua ikiwa juu kidogo. Jaza polepole, fungua kidude cha joto la ndani, washa injini ikiwa bado baridi na mfuniko ukiwa wazi, ubonyeze mpira wa juu, uongeze maji povu linapotoka. Funga mfuniko kabla hayajawa ya moto sana. Hewa ikibaki ndani, mshale unaweza kusema uongo na injini ikaungua. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama kiasi cha maji tena. Vuja nyingine huonekana moto tu, nyingine baridi tu, kwa sababu chuma hutanuka na kujikunja. Kwa hiyo tazama mara zote mbili.

La tisa, usishangae tundu jingine likitokea baada ya hili kuzibwa. Mbano ukirudi kama inavyotakiwa, mpira mzee na klipu iliyolegea ndizo zinazoshindwa kwanza. Badilisha mipira iliyovimba au kupasuka siku hiyo hiyo unapobadilisha pampu.

La kumi, ujue dalili za ugonjwa mkubwa. Maji yakipungua bila tone kuonekana nje, povu likipanda rejeta wakati injini inaunguruma, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokwisha injini ikiwa moto, au oili ikiwa kama chai ya maziwa, basi fikiria gasketi ya silinda hedi. Hapo usiendeshe gari hata maili moja.

Nami naongeza mawili. Yako mambo ambayo watu hutia katika rejeta ili kuziba: bizari, ute wa yai, majani ya chai, na unga wa kuziba unaouzwa madukani. Nimefungua rejeta zilizotiwa vitu hivyo, nikakuta matope. Huenda kikakufikisha nyumbani siku moja ya shida, lakini si matengenezo. Na ile maji ya dawa, ambayo mafundi huiita kulanti, mingi imetengenezwa kwa kitu chenye ladha tamu ambacho ni sumu. Mtoto au mbwa akinywa anaweza kufa. Usiimwage mtaroni, wala usiiweke katika chupa ya soda. Hata hivyo usiache kuitumia kwa kuwa hapa kwetu hakuna barafu. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Maji matupu ya bomba hula pampu mpya kama yalivyokula ya zamani.

Sasa nakuja kwenye deni langu.

Tulifunga tena pampu ile ya kwanza, gasketi mpya, bolti kila moja mahali pake. Kabla ya kuifunga nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilimwambia yote mbele ya mama yake, kwa kuwa aibu ya wizi ilikuwa imefika mpaka mlangoni kwa mama yake. Nikampa shilingi zake 1,500. Aliporudi gereji, yeye ndiye aliyeshika spana, na mimi nilishika taa. Gari limefanya kazi miezi saba tangu siku ile na karatasi ninayotandika chini ni kavu. Mkono wa mzee umepona, ila alama itabaki.

Lakini kusema nyumbani kwake hakutoshi, kwa kuwa alitukanwa mbele ya watu. Yuko hapa leo, ameketi karibu na mlango. Kijana wangu, mbele ya wazee hawa nasema: hukuiba, na hukununua pampu mbovu. Kosa lilikuwa langu. Niwie radhi.

Ndugu wanachama, gari likiharibika kazini, au behewa likitoka relini, jambo tunalolidai kwa wakubwa kila siku ni nini? Twadai kwamba wachunguze sababu kwanza, wasianze kwa kumwandikia barua mtu wa chini aliyekuwa karibu. Twasema aliyeshika taa asihukumiwe kwa kosa la aliyeshika spana. Hilo ni dai la haki, na chama hiki kimelisimamia. Lakini mimi, mwanachama anayelipa ada yake kila mwezi, nilimtendea mdogo wangu jambo lile lile ninalolilalamikia juu. Nilikuwa bwana mkubwa katika gereji yangu. Tukitaka haki kwa wenye nguvu kutuzidi, hatuna budi kuitoa kwa walio chini yetu, hata pale ambapo ni shilingi 1,500 tu na hakuna anayetazama.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi mawili mbele ya mkutano. Moja, tawi linunue pampu moja ya kupimia rejeta, ikae kwa Bwana Mwandishi, mwanachama yeyote aiazime kwa kutia sahihi katika daftari. Tukichanga kidogo kidogo haitatushinda, na itaokoa pampu nyingi zisizo na hatia. La pili, vikundi vyetu vya magari viandike sharti hili katika vitabu vyao: hakuna mtu atakayekatwa fedha wala kufukuzwa kwa ajili ya kitu kilichoharibika, mpaka chanzo kimeonekana kwa macho ya watu wawili.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa hauzibwi kwa kumpigia kelele mtu aliyesimama karibu na ukuta. Huzibwa na mtu aliyeutafuta kwa taa, akauona.